Faili Moja Baada ya Jingine: Biashara ya Programu kwa Mawakala wa Forodha wa Kipevu



Mada niliyopewa ni biashara ya programu inayolipiwa kila mwezi, na namna inavyoweza kukua katika soko finyu. Nitaizungumzia kupitia kazi moja tu, inayofanyika karibu kabisa na hapa tulipo: kazi ya kutoa mizigo bandarini, yaani kliaringi. Vijana wengi wanaonijia na mawazo ya programu huanza na soko kubwa mno. Mmoja ataniambia wateja wake ni wafanyabiashara wote wa Kenya. Nikimuuliza ni nani hasa atakayelipa kwanza, na ni shida gani itakayomfanya atoe pesa mfukoni, hukosa la kusema. Anayeuza programu kwa mawakala wa forodha hawezi kukwepa swali hilo, kwa sababu wateja wake anawajua kwa majina, na wao wanamjua.

Tulipime soko lenyewe. Mwaka 2024 bandari ya Mombasa ilihudumia shehena ya tani milioni 41.1, na kwa mara ya kwanza makontena yakafika milioni 2 kwa kipimo cha futi 20. Hapa Kipevu tumejengewa gati mpya za makontena kwa mikopo ya Japani. Awamu ya kwanza ilikamilika 2016, ikiwa na uwezo wa makontena 550,000 kwa mwaka, na ya pili ikaongeza 450,000 mwaka 2022. Mizigo yote hiyo ikiingia nchini inahitaji mtu mwenye leseni ya kuitolea entri ya forodha. Watu hao hawafiki malaki. Mwekezaji akisikia hivyo huona biashara imekwisha kabla haijaanza. Mimi nadhani anakosea, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza tuelewe wakala ananunua nini. Kontena likishateremshwa, bandari humpa mwenye mzigo siku chache za bure kabla ya kuanza kumtoza stoji, yaani ada ya kuhifadhi mzigo. Katika ratiba ya tozo za bandari ya miaka ya karibuni, mzigo wa ndani ya nchi umepewa siku 4, na wa kwenda nchi jirani siku 9. Mwenye meli naye ana siku zake, na zake zikiisha hutoza dimareji, ada ya kuchelewesha kontena, kwa dola. Ndani ya siku hizo wakala apate hati ya shehena, apate D.O., hati ya kuruhusu mzigo utolewe, kutoka kwa wakala wa meli, entri ipite, ushuru ulipwe, mzigo ukaguliwe kama umepangiwa ukaguzi, bandari ilipwe, lori lipatikane. Kimoja kikikwama, vyote vinangoja. Mteja wa Kampala anapopiga simu usiku kuuliza mzigo wake uko wapi, anayeulizwa ni wakala, si mfumo wa serikali.

Na mifumo ya serikali ipo, tena mingi. Julai 2005 Mamlaka ya Ushuru ilileta mfumo wa Simba, ambao asili yake ni mfumo wa forodha wa Senegal uitwao GAINDE. Mwaka 2008 bandari ikaanzisha mfumo wake wa gatini, KWATOS. Kisha likaja dirisha moja la kitaifa la kuwasilishia hati za biashara, chini ya KenTrade, shirika lililoundwa 2011, likianza na mfumo wa TradeNet. Baadaye mfumo mpya wa forodha, iCMS, ukachukua nafasi ya Simba. Kila mfumo una nywila yake, na kila mmoja una siku yake ya kulala. Kazi halisi ya wakala iko katikati ya mifumo hiyo, na ukiingia ofisi ndogo ya kliaringi utaiona imeandikwa kwa kalamu nyekundu kwenye ubao mweupe ukutani: jina la meli, nambari ya kontena, tarehe ya mwisho ya siku za bure. Ubao ule ndio mshindani wako. Ni wa bei rahisi, hauhitaji umeme, na kila mtu ofisini anauona. Programu yako isipoushinda ubao, haitalipiwa.

Nitoe mfano mmoja kwa karibu. Nambari ya kontena ina herufi 4, kisha tarakimu 6, kisha tarakimu moja ya mwisho ambayo kwenye ubavu wa kontena huwekwa ndani ya kisanduku. Wengi huiona kama pambo. Kumbe hiyo ni tarakimu ya kuthibitishia zile zilizotangulia. Chukueni CSQU 305438, yenye 3 kisandukuni. Kila herufi ina thamani yake: C ni 13, S ni 30, Q ni 28, U ni 32. Thamani ya kwanza unaizidisha kwa 1, ya pili kwa 2, ya tatu kwa 4, unaendelea kurudufu hivyo hadi ya kumi, unayoizidisha kwa 512. Ukijumlisha unapata 6,185. Ukigawanya kwa 11 inabaki 3, sawasawa na kisanduku. Sasa karani amechoka, ni saa nne za usiku, anaandika 304538 badala ya 305438. Jumla inakuwa 6,249, inabaki 1, nayo hailingani na kisanduku. Programu inayojua hesabu hiyo humsimamisha palepale, kabla hati haijapelekwa popote. Isiyojua hupeleka kosa mbele, na kurekebisha hati iliyokwisha wasilishwa kunaweza kula siku, nazo siku zenyewe ni 4.

Kuiandika hesabu hiyo ni kazi ya nusu saa kwa kijana yeyote aliye humu. Lakini wazo la kuiandika haliji kwa kukaa na kompyuta peke yake. Linakuja kwa kukaa na karani. Nawasihi, kabla hamjaandika chochote, ombeni ofisi iwakalishe pembeni ya karani kwa wiki kadhaa, zamu ya usiku ikiwamo. Bandari hailali, na makosa mengi hufanyika saa ambazo watengenezaji wa programu wamelala.

Sasa, kwa nini ada irudi kila mwezi? Kwa nini wakala asinunue programu mara moja, yakaisha? Wazee wengi wa kazi hii huuliza hivyo, na wana haki ya kujibiwa. Jibu limo katika sheria za kodi. Julai 2022 Afrika Mashariki iliongeza daraja la nne la ushuru wa pamoja wa forodha, asilimia 35. Julai 2023 ada ya tamko la uagizaji, ile IDF, ikashuka kutoka asilimia 3.5 hadi 2.5, na tozo ya maendeleo ya reli ikashuka kutoka 2 hadi 1.5. Mwaka uliofuata Mswada wa Fedha ulisomwa, vijana wakaingia barabarani, na mwishoni mwa Juni 2024 rais akauondoa. Aliyekuwa ameshapanga viwango vya mswada ule kwenye programu yake alilazimika kuvitoa vyote kabla ya Julai mosi. Kisha mwishoni mwa Desemba, kwa sheria nyingine, tozo ya reli ikarudi asilimia 2. Programu iliyonunuliwa mara moja mwaka 2021 ingekuwa inampigia wakala hesabu za uongo. Ada ya mwezi inalipia mtu wa kuamka Desemba 27 na kubadilisha kiwango wakati wengine wako likizo. Mwambieni mteja hivyo waziwazi, na mfanye hivyo kweli. Ukichelewa siku moja tu, mteja atakokotoa kwa mkono, na akishazoea mkono hutampata tena.

Hapo tunafika kwenye bei, na hapa nina maoni makali kidogo. Ada moja isiyobadilika, kila mwezi sawa, haiwafai mawakala wadogo wa Kipevu. Mapato yao hayaji kwa mwezi, yanakuja kwa meli. Tuchukue ofisi inayofungua mafaili 30, faili moja kwa kila mzigo, mwezi mzuri na 8 mwezi mbaya. Ukiitoza shilingi 6,000 kila mwezi, mwezi mzuri kila faili limebeba shilingi 200, mwezi mbaya limebeba 750. Mwezi wa pili mbaya mfululizo, mwenye ofisi atakufuta. Lakini ukitoza 200 kwa kila faili, pamoja na kiwango cha chini cha shilingi 1,000 ili taa zako zisizime, mwezi mbaya atalipa 1,600, nawe utakuwa naye bado meli zikirudi. Faida nyingine ni kubwa zaidi ya hiyo: gharama iliyofungwa kwenye faili huingia kwenye hesabu za faili, ikakaa pamoja na gharama nyingine za mzigo ule. Haitoki tena kwenye mfuko wa mwenye ofisi, ule wa kodi ya nyumba na karo.

Najua hatari yake. Wapo watakaofungua faili moja na kupitisha mizigo mitatu ndani yake. Usiajiri askari wa kuwasaka. Bei iwe ndogo kiasi kwamba kudanganya kunasumbua kuliko kulipa.

Kuna jambo la M-Pesa pia, na vitabu vya biashara vya Marekani havitawafundisha. Kule mteja huacha nambari ya kadi, na kampuni hujichotea pesa kila mwezi. Wengi huendelea kulipia kitu walichokisahau. Kwetu, tangu M-Pesa ilipoanza Machi 2007, malipo ni kitendo: ombi linatokea kwenye simu, mwenye simu anaweka PIN yake. Safaricom ilileta huduma ya Ratiba mwaka 2024 kwa wanaotaka malipo yajirudie yenyewe, lakini mazoea ya watu bado ni kuamua kila mara. Kwa hiyo kila mwisho wa mwezi mteja wako anajiuliza upya kama unastahili. Wengine wanalalamikia hali hii. Mimi naiona ni ya haki, na inakulazimisha kitu kizuri: ujumbe wa kuomba malipo uje na maelezo ya kazi iliyofanyika. Usimwandikie tu kwamba ada imefika. Mwandikie kwamba mwezi huu mafaili yake 22 yamepita, mawili yalizidi siku za bure, na nambari tatu za makontena zilizokosewa zilinaswa mapema. Atasoma, ataweka PIN.

Hesabu ya wanaoondoka ndiyo inayoua biashara hizi kimyakimya. Ukiwa na wateja 100 na ukapoteza asilimia 5 kila mwezi, mwaka ukiisha umebaki na 54. Ukipoteza asilimia 2, unabaki na 78. Katika soko la mamilioni unaweza kuziba pengo kwa matangazo. Kipevu huwezi, kwa sababu baada ya miaka miwili utakuwa umeshazungumza na kila ofisi iliyopo, na zile zilizoondoka zimeshasimulia. Nguvu ambayo mngeitumia kutafuta mteja mpya, itumieni kujua kwa nini mafaili ya mteja fulani yamepungua mwezi huu. Mpigieni simu. Mara nyingi utakuta karani aliyekuwa anaijua programu amehama.

Na makarani ndio wauzaji wenu bora kuliko tangazo lolote. Karani wa kliaringi hubadilisha ofisi, na akifika mpya huomba kile alichozoea. Basi wafundisheni bure. Wanaosomea cheti cha forodha cha Afrika Mashariki, wanaosoma Bandari Maritime Academy, wapeni programu waitumie kwa mafaili ya mazoezi bila malipo. Mwenye ofisi ndiye anayelipa, lakini karani ndiye anayeamua kama kitu kitatumika au kitaachwa kwenye kompyuta kikipata vumbi.

Naomba nikae kidogo kwenye jambo la uaminifu, maana nimeliona likizamisha kazi nzuri. Mali kubwa ya wakala ni orodha ya wateja wake na bei anazowatoza. Anapoingiza faili kwenye mashine yako, anakukabidhi vyote viwili. Na ofisi ya mshindani wake iko ghorofa hiyohiyo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakubana, lakini sheria peke yake haimtulizi mtu. Kinachomtuliza ni mambo anayoweza kuyaona: kwamba mfanyakazi wako hawezi kufungua faili lake bila yeye kupata taarifa, kwamba hujawahi kutaja ofisi moja ndani ya ofisi nyingine, hata kwa sifa. Na lipo katazo moja ambalo ningeliweka juu ya yote: usiwe muuza programu na wakala wa kliaringi kwa wakati mmoja. Kishawishi kipo, kwa sababu utaona mizigo yote inavyopita na utajua faida iko wapi. Siku utakapochukua mteja mmoja wa mizigo, hata akiwa ndugu yako, wateja wote 100 watajua kabla ya sala ya Ijumaa, na watakuwa na haki ya kuondoka.

Kuna kuondoka kwa wateja ambako programu haina kosa lolote. Wenyeji mnakumbuka Agosti 2019, ilipotoka amri ya mizigo yote ya kwenda bara na nchi jirani kupakiwa kwenye reli ya SGR, ikatolewe Nairobi. Malori yaliegeshwa. Gereji za Changamwe na Miritini, vituo vya makontena, mama wa chakula na makarani walikosa kazi. Watu waliandamana Jumatatu baada ya Jumatatu. Novemba 2020 Mahakama Kuu hapa Mombasa ilisema amri ile ilikiuka katiba, na Septemba 2022 rais mpya akaagiza utoaji wa mizigo urudi bandarini. Miaka mitatu. Biashara ya programu iliyoegemea Kipevu peke yake ingekuwa imekufa katika mwaka wa kwanza, na hiyo ndiyo hatari ya kweli ya soko finyu: mkono mmoja wa serikali unaweza kulihamisha lote.

Dawa yake ni kukua kwa kuifuata kazi ileile njiani. Usitoke kwa mawakala ukaenda kuuzia maduka ya dawa kwa sababu tu yako jirani. Mfuate wakala hadi bandari kavu ya Embakasi, hadi mipakani Malaba na Busia. Tangu 2014, chini ya Himaya Moja ya Forodha, mzigo wa Uganda hulipiwa ushuru kwao ungali hapa Mombasa, na maofisa wa ushuru wa Uganda wako hapahapa. Uganda ndiyo inayochukua sehemu kubwa kabisa ya mizigo yetu ya kupita. Kwa hiyo wakala wa Kampala ni jirani yako wa kikazi kuliko mwenye duka wa hapo barabarani, japo Uganda na Rwanda hutumia mfumo mwingine, ASYCUDA, na itabidi ujifunze upya. Dar es Salaam nako kuna mifumo yao. Kila mpaka ni ukuta, na ukishauvuka, ukuta huohuo unakulinda.

Kukua kwa namna hii si ndoto yangu. Mwaka 1994, Sydney, Richard White na Maree Isaacs walianzisha kampuni ya kuandika programu kwa wasafirishaji wa shehena. White alikuwa amewahi kufanya kazi ya kutengeneza magitaa. Kampuni hiyo, WiseTech, iliingia soko la hisa la Australia 2016, na programu yake CargoWise leo inatumiwa na makampuni makubwa kabisa ya usafirishaji duniani, kwa mtindo ambao kwa miaka mingi umekuwa wa kulipa kwa kadiri ya matumizi. Lakini tazameni ilivyokua. Ilipotaka kuingia nchi mpya haikutosheka na wahandisi wake. Ilinunua kampuni ndogo za wenyeji zilizojua forodha ya pale: Brazil, Taiwan, Italia, Uturuki, na Afrika Kusini ilinunua Compu-Clearing ya Johannesburg mwaka 2015. Kampuni yenye fedha zote zile iliona ni afadhali kununua ujuzi wa wenyeji kuliko kuujenga kutoka mbali. Ujuzi wa namna hiyo umo vichwani mwa makarani waliokaa kwenye viti hivi.

Linganisheni na njia nyingine. Kampuni ya Sendy ya Nairobi ilikusanya dola milioni 20 mwaka 2020 ili kuendesha usafirishaji wa mizigo katika nchi kadhaa, na 2023 ikawa mikononi mwa wasimamizi wa kufilisi. Waliokuwa wakifanya kazi pale walikuwa hodari, na sisemi hili kwa kuwacheka. Nasema kwamba mtaji mkubwa huja na haraka yake, na haraka hiyo haipatani na kazi ya kujifunza forodha ya nchi moja baada ya nyingine. Ofisi 100, kila moja ikiwa na wastani wa mafaili 20 kwa shilingi 200, ni shilingi 400,000 kwa mwezi. Hiyo inalipa vijana wanne, seva na chumba cha kupanga Changamwe, bila kumwomba mtu wa ng'ambo. Ni biashara ya kweli, na mnaweza kuifikia mkiwa hapa.

La mwisho ni namna ya kuachana na mteja. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki inamtaka wakala atunze kumbukumbu zake kwa miaka 5, na wakaguzi wa ushuru huja kuuliza mzigo uliotoka zamani. Kwa hiyo mteja aliyeacha kulipa asifungiwe nje ya mafaili yake ya nyuma. Mnyime kufungua faili jipya, hiyo ni haki yenu, lakini ya zamani ayasome na ayachukue yote akitaka. Na mwenye mzigo ambao bado uko ndani ya geti la bandari asizimiwe chochote mpaka lori litoke, hata kama anadaiwa. M-KOPA, waliokopesha watu taa za sola, waliweza kuzima taa ya asiyelipa, na ikawaka tena akilipa. Lakini kontena si taa: lililokwama linaendelea kuhesabiwa stoji na dimareji kila kukicha, na deni hilo hakuna atakayemrudishia.

Karibuni kwa maswali. Na nawaomba mawakala mlioko humu muanze nyinyi, kabla ya vijana.